Chuma Juu ya Paa la Mzee Egesa

Alhamisi, Tororo. Mvua imeanza alasiri na bado haijaacha, ile ya polepole isiyo na haraka ya kwenda popote. Nimerudi na udongo wa Masafu hadi kwenye vifundo vya miguu, na mama amenikataza kupita sebuleni. Kwa hiyo ninaandika hapa barazani, kompyuta mapajani, kikombe cha chai nimekiweka mbali kwa sababu najijua. Sina hakika kama nina huzuni au nimefarijika. Labda vyote viwili, na njaa juu yake.

Nimekaa muda mrefu bila kuandika humu. Si kwamba nilikuwa na shughuli nyingi. Nilikuwa na aibu.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: ninasoma shahada ya uzamili Kampala, katika majengo ya kale na historia ya ujenzi. Nyumbani kwetu ni watu wa malori. Baba anaendesha, wajomba wanaendesha, babu aliendesha, na mjomba wangu mmoja bado anauliza kwa nini mtu aende chuo kikuu mara ya pili ili akatazame kuta. Huwa namjibu kwamba kuta haziharibu gia. Tasnifu yangu inahusu nyumba za matofali ambazo Waafrika wa huku mpakani mwa Uganda na Kenya walijijengea wenyewe wakati wa mkoloni. Si nyumba ya Bwana DC, wala si maduka ya Wahindi yenye mwaka ulioandikwa juu ya mlango. Hizo zina watu wengi wa kuzisemea. Mimi nazitafuta nyumba za wale waliofanya kazi kwa hao wakubwa, kisha wakarudi makwao na ufundi mikononi.

Ninayoipenda kuliko zote iko nje kidogo ya Masafu, katikati ya mashamba ya mihogo. Aliijenga Mzee Egesa, Msamia, aliyejifunza uashi hapa Tororo kwa kuwasaidia mafundi wa Kihindi kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Aliporudi kwao alichoma matofali yake mwenyewe, akajenga vyumba vinne na varanda, akaezeka mabati. Wakati ule mabati kijijini yalikuwa jambo la watu kuja kutazama. Kuta zake hadi leo zimenyooka kuliko za nyumba yetu, na yetu ilikuwa na ramani.

Lakini uzuri wake hasa uko juu. Nyumba nyingi za matofali za wakati ule nilizozipima zina paa la mgongo mmoja mrefu, na mteremko huku na huku. Hili lina pande nne zinazokutana kwenye ncha moja, na kwenye ncha hiyo kimesimama chuma chembamba, urefu wa mkono wa mtu mzima, kimeinama kidogo upande wa Kenya kama kinachungulia bei za huko. Nilipokiona mara ya kwanza nilipiga picha hadi simu ikakataa.

Nikaandika sura nzima juu yake. Nikasema Mzee Egesa aliiga mapambo ya ncha za mapaa ya Wazungu, kwamba aliona kitu kama hicho juu ya kanisa au juu ya nyumba ya bwana mkubwa fulani, akataka na yeye awe nacho. Nikaandika maneno mazito kuhusu mtu aliyetawaliwa kutamani hadhi ya anayemtawala. Msimamizi wangu, daktari makini asiyesifu mtu ovyo, aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: vizuri sana. Nilitembea na hayo maneno mawili wiki nzima.

Sasa aibu yenyewe.

Chuma hicho kinavujisha. Kimepita kwenye kofia ya bati, kutu imekula tundu kukizunguka, na maji yanashuka moja kwa moja kwenye kenchi. Mbao za katikati zimelainika kiasi kwamba ukizichoma kwa kisu, kisu kinazama. Paa likiachwa hivyo litaanguka, na kuta zitalifuata. Tasnifu yangu inatakiwa iwe na mpango wa ukarabati uliokubaliwa na wenye nyumba, kwa hiyo nilifanya kile ambacho mwanafunzi yeyote mvivu angefanya. Niliamua chuma kitolewe na ncha ifunikwe kwa bati jipya. Nikachora nyumba yote safi, varanda imerudishiwa nguzo zake, paa limefungwa juu pakawa laini. Ulikuwa mchoro mzuri, siwezi kudanganya. Nikauchapisha mkubwa, wa rangi, nikaenda nao Masafu.

Wanafamilia walikusanyika varandani kunisikiliza. Mkuu wa boma ni Wandera, mjukuu wa Mzee Egesa, mtu mzima ambaye naye ana wajukuu. Ndani ya nyumba anaishi Jaja Nabwire, binti wa mwisho wa Mzee Egesa na mtoto wake pekee aliyebaki hai. Aliolewa upande wa Kenya, akafiwa na mume, akarudi kwa baba yake. Kila mtu humwita jaja, yaani bibi, nami pia, na ni yeye aliyenipa chai na muhogo siku zote nilipokuwa natambaa na futi ya kamba kwenye vyumba vyake. Nilibandika mchoro ukutani, nikaanza kueleza, nikijivuna kidogo.

Walitazamana. Nilidhani wamevutiwa.

Jaja Nabwire alisogea karibu, akatazama sehemu ya juu ya mchoro, akapitisha kidole pale ambapo chuma kingekuwa. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Wandera akaniuliza taratibu, kwa sauti ya mtu anayetaka wengine wasikie:

"Kwa hiyo yunivasiti imesema hii chuma itoke?"

Nikasema ndiyo. Akaomba kalamu, akatia sahihi karatasi ya kibali palepale.

Alinisindikiza hadi barabarani nikapate bodaboda, na njiani ndipo aliponieleza. Alidhani najua. Kwa wazee wao, nyumba ya mwanaume husimamishwa mti juu ya kilele cha paa. Mti ule unasema mwenye nyumba yupo. Akifa, watu wa ukoo wanapanda kuutoa, na yeyote anayepita njiani anatazama juu na kujua kwamba boma limefiwa. Hautolewi na fundi wala hautolewi kwa sababu ya mvua, na haujawahi kutolewa mwenyewe akiwa hai.

Na Mzee Egesa hakuwahi kufa. Yaani, hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa. Alichukuliwa kwenda vita vya Wazungu, vile vya pili, Jaja Nabwire akiwa bado tumboni. Lori liliwaleta hapa Tororo, treni ikawapeleka pwani, na baada ya hapo ni maneno ya watu tu, huyu akisema Bama, yaani Burma, yule akisema Abisinia. Vita vilipokwisha, wenzake waliosalimika walirudi na makoti yao makubwa. Yeye hakurudi, wala halikuja neno. Mkewe akasema hamlilii mtu ambaye hakuna aliyemwona akifa, na chuma kikabaki juu. Mke akafa, chuma kikabaki. Watoto wakaisha mmoja mmoja hadi akasalia Jaja, na kila mtu wa ukoo aliyekwenda kulizungumza jambo hilo mbele yake alijikuta anazungumza habari za mihogo. Wakati huohuo, bila chuma kushuka, hakuna mwanaume wa boma lile anayethubutu kugawa shamba. Wandera ana wana wanaopanga vyumba Busia, na ardhi ya babu yao imelala. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Amechoka tu.

Hivyo ndivyo nilivyotangaza kifo cha mtu kwenye varanda yake mwenyewe, kwa mchoro wa rangi, nikitabasamu.

Na kwa kuwa humu ndimo ninamosema kweli, niseme na hili. Bodaboda ilipoondoka, wazo langu la kwanza halikumhusu Jaja. Niliwaza kwamba angalau karatasi imetiwa sahihi.

Nilimpigia simu msimamizi wangu. Akasema kibali kipo, niendelee, na hayo ya mila niyaweke kwenye tanbihi. Ni mtu mwema na anataka nimalize kwa wakati. Lakini baada ya simu ile nilikaa na ramani ya paa mbele yangu, na kila nilivyoitazama ndivyo sura yangu nzuri ilivyozidi kubomoka. Mtu aliyejifunza kwenye nyumba za reli alijua vizuri sana kuezeka paa la mgongo. Ndilo rahisi, na ndilo linalokula mbao chache. Mzee Egesa akaliacha, akachukua la pande nne lenye kazi ngumu, kwa nini? Kwa sababu paa la mgongo halina kilele kimoja, naye alihitaji mahali pa kusimamisha mti wake. Mti ungeoza pale kwenye bati, basi akaweka chuma. Hakuwa anamwiga bwana mkubwa yeyote. Alichukua ufundi wa reli akaulazimisha ubebe desturi ya kwao, na umbo zima la nyumba likaanzia kwenye kile kitu kimoja ambacho mimi nilikifuta ili mchoro wangu upendeze.

Niliudhika, na si kwa sababu ya sura tu. Niliudhika kwamba nilimwandikia marehemu wa watu tamaa ambayo hakuwa nayo, na mwalimu wangu akanipa alama nzuri.

Kwetu sisi Waislamu wa mjini, mtu huzikwa upesi, tunamsomea, na nyumba inabaki kuwa nyumba. Sikulelewa kumtazamia mtu juu ya paa. Hata hivyo nakujua kungoja. Baba akiwa njia ya Juba, mama hafungi komeo la geti mpaka asikie injini, na hakuna mtu humu ndani anayemwambia kwamba siku hizi kuna simu. Nilipofikiria hilo, nikarudi mezani nikachora upya.

Jibu la kiufundi lilikuwepo tangu mwanzo, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Chuma kinaweza kubaki. Unakisugua kutu kikiwa palepale, unakizungushia bati laini la madini ya risasi likikumbatia shina lake kama kola ya shati, unalibana chini ya kofia ya paa, na maji yanateremka nje. Mbao za katikati zinaungwa mpya. Ni kazi zaidi na inataka fundi mvumilivu, basi. Sikulifikiria kwa sababu sikuuliza chuma ni cha nini. Nilikuwa nimeshakipa jina la pambo, na pambo mtu huondoa tu.

Leo nimepeleka mchoro huo. Nilikwenda bila kumwarifu Wandera, na hiyo si adabu. Nilimkuta Jaja Nabwire varandani akichambua maharage. Nikapiga magoti kumsalimia kama wafanyavyo mabinti wa huko, naye akaniacha magotini muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nadhani nilistahili. Kisha akanionyesha mkeka.

Nikaomba msamaha kwanza. Nikamwambia sikujua, na kwamba ilikuwa kazi yangu kujua kabla sijagusa kalamu. Akaitikia kwa koo tu. Nikatandaza mchoro mpya, nikamwonyesha chuma kiko palepale, hata kule kuinama kwake nimekuacha. Nikaeleza kuhusu kola na njia ya maji. Akauliza maswali ya mtu mwenye nyumba yake: bati hilo linapatikana wapi, upepo hautaling'oa, fundi gani mwenye akili atapanda. Nilijibu yote. Nikaanza kusikia ile fahari ya siku ya kwanza inarudi, nikaikanya.

"Kwa hiyo maji haiingii tena," akasema, "na yeye anabaki hapo juu?"

Nikamwambia ndiyo, atabaki miaka mingi.

Nilitegemea afurahi. Akaendelea na maharage yake. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka, na kutoka ndani tulisikia tone likigonga sufuria aliyoitega chini ya dari. Alilisikiliza. Kisha akazungumza kwa kirefu, Kisamia na Kiswahili cha Busia pamoja, bila kunitazama. Alisema maisha yake yote watu wamemtaka akubali kile chuma kishuke, na kila mmoja ana sababu yake. Kaka zake walikuwa na sababu ya shamba. Wandera ana sababu ya wanawe. Mimi nilikuja na sababu ya mvua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kishushwe ili mzee aliliwe. Ndiyo maana alikataa, na angeendelea kukataa. Mama yake alimwachia agizo amngoje mtu aliyemwona Mzee Egesa akifa, lakini watu hao nao wamekwisha kufa, wa Bama na wa Abisinia, na hakuna tena atakayetokea kwenye ile njia ya mihogo.

"Mimi sikuona sura ya baba yangu," akasema. "Hawa wengine wanamuona kama shamba. Mimi peke yangu ndio namuita baba. Kama nakufa mbele, nani atamlilia?"

Akagusa kola kwenye mchoro wangu.

"Hii kola yako ni mzuri, weka kwa kitabu yako. Lakini sasa mvua hainisukumi tena. Naweza kutoa mwenyewe. Nataka nimlilie baba nikiwa bado na macho."

Nililia mimi kwanza, kwa mtu niliyemfahamu kwa vipimo tu. Jaja akaniambia niyaweke hayo machozi, yatahitajika Jumamosi.

Akatuma mtu kumwita Wandera. Alifika na jembe begani, akaniona, akakunja uso kidogo, na alikuwa na haki. Jaja akamwambia kwamba chuma kitashuka Jumamosi. Nilitazamia aone raha, kwani amelingoja jambo hili tangu ujana wake. Badala yake aliketi kwenye ngazi ya varanda, mvua ikimpiga mgongo, akavua kofia yake akaishika kwa mikono miwili. Kisha akauliza ni nani atakayepanda. Jaja akasema mtu wa damu, na fundi asikanyage paa hadi matanga yaishe. Watazika shina la mgomba badala ya mwili, kando ya kaburi la mama yake, ili wawili hao hatimaye walale jirani. Na habari za shamba zisitajwe mpaka waombolezaji wawe wamerudi makwao. Wandera akasema sawa, shangazi. Alisema hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Njiani kurudi nikagundua jambo ambalo bado nalizungusha kichwani. Chuma kikishatoka, ncha itafunikwa kwa bati jipya, na paa litafungwa juu pakawa laini. Utakaojengwa ni ule mchoro wangu wa kwanza, uleule wa aibu, bila kubadilisha hata mstari. Mtu atakayepita baadaye na kamera yake hataona tofauti yoyote kati ya ukarabati wa mwanafunzi mvivu na uamuzi wa binti wa marehemu. Mimi tu ndiye nitakayeweza kumwambia, na nisipoiandika vizuri, nyumba itanyamaza.

Kwa hiyo sura ile naiandika upya, yote. Michoro yote miwili itakaa humo, na chuma hakitaingia kwenye tanbihi. Msimamizi atakuna kichwa. Tarehe ya kuwasilisha ikipita, ipite, nitaomba muda, nitanuniwa kidogo na maisha yataendelea. Wandera nitamwomba radhi ana kwa ana, kabla ya mtu yeyote kupanda ngazi.

Mama alinipokea mlangoni, akaona miguu yangu, kisha akaona macho yangu, akauliza nani amefiwa. Nikamwambia kuna msiba Masafu, kwa Jaja Nabwire, yule mwenye nyumba yangu. Baba yake. Mama ni mtu wa misiba, hakosi hata mmoja kati ya hapa na Busia. Akajifunga kanga vizuri, akauliza amekufa lini.

"Jumamosi," nikasema.

"Jumamosi ipi?"

"Hii inayokuja."

Alinitazama, akaitazama mvua, asiulize zaidi. Sasa hivi namsikia huko ndani anafungua kabati, ananiuliza kwa sauti kama watu wa huko wanapelekewa sukari au mchele.